Nilikataa pesa ya mbolea ya nano, sababu ni hesabu tu

Wasee, wiki jana nimekataa shilingi 15,000, na kodi ya nyumba bado sijalipa.

Jamaa alinitumia ujumbe inbox. Anataka niposti video moja tu: nishike chupa yake ya nusu lita kwenye shamba la mathe huko Trans Nzoia, niseme hii mbolea ya nano inatosha badala ya gunia zima la yurea. Pesa inaingia M-Pesa siku hiyo hiyo.

Kampasi niliacha mwaka wa pili, hiyo mnajua. Lakini kemia ya sekondari haijanitoka. Tupige hesabu pamoja.

India ndiko chupa kama hizi zilianza kuvuma, mwaka 2021, ushirika wa IFFCO ulipozindua yurea ya nano. Waliambia wakulima mililita 500 zinachukua nafasi ya gunia la kilo 45. Gunia hilo lina nitrojeni asilimia 46, karibu kilo 21. Chupa ya kwanza ilikuwa na asilimia 4. Hiyo ni kama gramu 20.

Watakuambia chembe za nano ni ndogo sana, zinaingia kwenye jani moja kwa moja, hakuna kinachopotea. Sawa. Tuseme hata nusu ya yurea ya gunia inapotea hewani na kwenye maji. Bado zinabaki kilo 10. Na gunia moja la mahindi makavu la kilo 90 linabeba zaidi ya kilo moja ya nitrojeni. Gramu 20 zitatoa wapi hiyo? Mahindi yatanyonya akiba ya udongo, na msimu unaofuata mathe atalima shamba lililochoka.

Si mimi pekee nasema. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walichapisha makala wakihoji madai hayo hayo. Na majaribio ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab yalionyesha mavuno ya mpunga na ngano yakishuka pale yurea ya kawaida ilipopunguzwa ikawekwa ya nano.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi nano ni uongo. Kuna vitu mmea unahitaji kidogo tu, kama zinki na shaba. Hapo chembe ndogo zinazoshika vizuri kwenye jani zinaweza kusaidia kweli. Kuna pia utafiti wa kufunika dawa ili itoke polepole, mkulima apulize mara chache. Hiyo naingoja kwa hamu. Lakini nitrojeni ni chakula, si dawa. Huwezi kumpa mtoto kijiko cha uji halafu useme kijiko chenyewe ni cha kisasa.

Mwaka 2024 tuliona wakulima wetu wakiuziwa mbolea feki kwa magunia. Tukilala, awamu ijayo itakuja kwa chupa, na sura za kuiuza zitakuwa zetu sisi vijana wenye simu.

Kwa hivyo ukiletewa chupa, uliza maswali mawili: ina gramu ngapi za nitrojeni, na nani aliijaribu hapa Kenya zaidi ya msimu mmoja? Akianza kukuonyesha video badala ya jibu, funga pochi.

Mathe hajui kama nilikataa hiyo pesa. Lakini shamba ni lake, na mimi ndiye ningeulizwa wakati wa kuvuna.