Acheni Kutuuzia Kelele

Najua nimepotea. Kazi ya kuandika programu imenibana hadi nikasahau kuandika lugha ya watu. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana, na leo nalisema bila kulipaka mafuta.

Jambo lenyewe ni hili: watu wanaorekodi muziki nyumbani wanauziwa tarakilishi zisizowafaa, na sisi tuliosomea kompyuta ndio tunaosaidia kuwauzia. Wanauziwa kasi wasiyoihitaji, na kasi hiyo inakuja na kelele inayoharibu kazi yao. Kimya hakimo kwenye orodha ya bei, wala hakuna anayekiulizia. Mimi nasema kwa mtu wa muziki kimya ndicho kinapaswa kutangulia, kabla hata ya prosesa.

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nawarushia wengine mawe.

Binamu yangu ni mwimbaji, na huwatengenezea nyimbo vikundi vya kwaya. Anaishi bedsita kule Umoja. Kitanda, jiko la gesi, meza, maikrofoni, vyote chumba kimoja. Aliweka akiba mwaka mzima hadi akafikisha shilingi 95,000, kisha akanipigia simu: "Kaka, wewe ndiye umesomea haya mambo. Nichagulie."

Nilimpeleka duka moja katikati ya jiji. Muuzaji akatuonyesha mashine yenye kioo ubavuni na feni sita zenye taa za rangi. "Bosi, hii haishindwi na kitu," akaniambia. Nikasoma karatasi: prosesa ya Core i5-12400F, RAM ya GB 16, kadi ya grafiksi ya kuchezea michezo. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika kama profesa. Tukalipa. Mle dukani kulikuwa na redio inalia, jenereta ya jirani inanguruma, na makondakta wanaita abiria mlangoni. Hatukuisikiliza mashine, na hata tungeisikiliza tusingesikia kitu.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa kwaya moja alirudisha wimbo. Aliuliza: "Mlirekodia kando ya barabara kuu? Kuna upepo unavuma nyuma ya wimbo wote." Alikataa kumalizia malipo. Binamu yangu akajaribu kuifunika mashine kwa blanketi. Mashine ikapata joto, feni zikazidi kukimbia, kelele ikapanda. Usiku huo akanipigia tena, na hakuniita kaka.

Kelele ndogo inakuwaje kubwa?

Najua kuna anayesema, "Ah, feni tu hiyo, nani ataisikia?" Basi tufanye hesabu.

Mtu anayerekodi kwaya peke yake hurekodi sauti juu ya sauti: soprano, alto, tena, besi, kisha anarudia zote ili wimbo unenepe. Hizo ni traki nane. Kila traki imebeba kelele ya feni ile ile. Ukizichanganya, kelele inapanda kwa kama desibeli 9 juu ya ile ya traki moja. Halafu unaweka kompresa ili sauti isimame vizuri. Kompresa hubana sehemu zenye nguvu, kisha wewe unainua kila kitu. Ukiinua kwa desibeli 10, feni nayo imepanda desibeli 10 katika mapengo ambayo mwimbaji anavuta pumzi. Sikio huhisi desibeli 10 kama sauti iliyoongezeka maradufu. Hapo ndipo "feni tu hiyo" inageuka kuwa upepo wa barabara kuu.

Tena kelele hii haikai mahali pasipo na muziki. Diski ngumu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake unakaa kwenye hezi 120, palepale inapokaa sauti ya mwanamume anayeimba besi. Feni yenye mapanga saba inayokimbia mizunguko 3,000 kwa dakika inapiga mluzi kwenye hezi 350, katikati kabisa ya sauti za wanawake. Huwezi kuzikata hizo kwa ikwalaiza bila kumkata mwimbaji pamoja nazo.

Utasema kuna programu za kuondoa kelele. Zipo, nazitumia, na nyingine ni nzuri. Lakini ukizikaza sana mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya ndoo ya maji. Utasema tukate mapengo. Ukiyakata, kelele inakuja na kuondoka kila neno, na sikio linaigundua upesi kuliko ingebaki pale pale.

Na kuna wale wanaosema, "Nairobi ina matatu, majogoo na majirani, utashindana na feni ya nini?" Ndugu yangu, matatu inapita. Jogoo ananyamaza. Mvua ikipiga mabati unasubiri iishe, unarudia ubeti. Feni ndiyo jirani pekee asiyelala wala kusafiri. Ukiwa umebonyeza kitufe cha kurekodi, naye yuko kazini.

Studio kubwa huweka mashine zake chumba kingine. Sisi hatuna chumba kingine. Ndiyo maana hili ni suala letu zaidi ya lao. Anayeishi bedsita ndiye anayehitaji mashine ya kimya zaidi, na ndiye anayeuziwa ile ya kelele zaidi kwa sababu ina taa.

Kasi ya nini?

Sasa tuitazame hiyo kasi tunayoilipia. Sauti ya mono katika ubora wa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde inakula KB 144 kwa sekunde. Traki 20 zikicheza kwa pamoja hazifiki hata MB 3 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inasoma karibu MB 500 kwa sekunde. Mtu anayekwambia huwezi kurekodi kwaya bila SSD ya bei maradufu anakuuzia lori la kubebea kikapu cha nyanya.

Na kadi ya grafiksi je? Programu za kurekodia karibu zote hufanya kazi ya sauti kwenye prosesa. Kadi ya michezo inakaa pale ikila stima na kutoa joto, na joto ndilo linaloita feni. Kweli, kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni zake zikiwa hazina kazi. Ya binamu yangu haikuwa na adabu hiyo.

Nikasema rahisi, tuing'oe. Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Ile herufi F mwishoni mwa 12400F maana yake prosesa haina grafiksi ndani yake. Ukitoa kadi, skrini inabaki nyeusi. Mimi mwenye digrii niliisoma ile herufi dukani nikaipita kama kituo cha basi nisichoshukia.

Ningenunua hivi

Haya basi, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Kama ningerudi siku ile na zile 95,000, ningefuata mpangilio huu.

1. Prosesa ya wastani yenye grafiksi ndani. Core i5-12400 isiyo na F, au Ryzen 5 5600G. Zote zina koa sita na zimepimwa kwa wati 65 za kawaida. Ile ya Intel ikikimbia kwa nguvu zote inaweza kufika wati 117, lakini ndani ya BIOS unaweza kuiwekea kikomo. Linganisha na Core i9-14900K inayoruhusiwa kufika wati 253. Hizo wati zote hugeuka joto, na joto hilo lazima litolewe chumbani kwako na kitu kinachozunguka.

2. Kipoza-joto kikubwa cha mnara. Kile kidogo kinachokuja bure ndani ya boksi la prosesa kinapoza, sikatai, lakini kinapoza kwa kupiga kelele. Chuma kingi chenye feni ya milimita 120 inayozunguka polepole kitafanya kazi ile ile kwa kunong'ona. Noctua wa Austria na be quiet! wa Ujerumani wamejenga jina lao kwa vitu hivi. Usipoweza bei yao, shika kanuni: chuma kingi, mwendo wa pole.

3. Feni kubwa, chache, za polepole. Hapa wengi hudanganyika. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, kelele yake hushuka kwa kama desibeli 15. Ukiongeza feni ya pili inayofanana nayo, kelele hupanda kwa desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili zikienda nusu mwendo zinasukuma karibu hewa ile ile ya feni moja inayokimbia, huku kelele ikiwa chini kwa kama desibeli 12. Tatizo la feni sita za binamu yangu halikuwa idadi. Zilikuwa za bei rahisi, zimeunganishwa moja kwa moja na pawa saplai, zinakimbia mbio zote saa zote, na BIOS haikuwa na la kuziambia. Nunua feni za waya nne, zichomeke kwenye ubao mama, kisha uzipangie mwendo.

4. Pawa saplai isiyojikamua. Tafuta yenye alama ya 80 PLUS Gold na yenye uwezo uliozidi mahitaji yako kiasi. Inayopoteza stima kidogo inapata joto kidogo. Zipo zinazozima feni kabisa mzigo ukiwa mdogo, na mashine isiyo na kadi ya michezo ni mzigo mdogo.

5. SSD peke yake ndani ya kasha. Diski ngumu ya kuhifadhia kazi za zamani iwe ya nje, uichomoe unaporekodi.

6. Kasha lenye kupitisha hewa. Usikimbilie lile lililofungwa kote na kupakwa sponji ndani. Sponji hupunguza mluzi wa juu, lakini mvumo wa chini unapita, na hewa ikikosa njia feni zinakimbia zaidi. Umeona blanketi lilivyofanya. Na vumbi letu unalijua: safisha vichujio kila mwezi.

Hayo yakishindikana kwa bei, kuna njia ya chini ambayo wauzaji hawaipendi kwa sababu haina faida kubwa: mashine ndogo za ofisi zilizotumika, zinazoletwa kutoka ng'ambo. Ziliundwa zikae mezani kwa karani, kwa hiyo nyingi ni za upole zikiwa na kazi ndogo. Ubaya wake ni kwamba pawa saplai na ubao mama mara nyingi ni vya umbo la kampuni hiyo peke yake, vikifa utatafuta kipuri hadi uchoke. Lakini weka SSD na RAM, rekodi.

Wapo pia watakaosema nunua MacBook Air, tangu ile ya M1 ya mwaka 2020 haina feni kabisa. Ni kweli, na anayeweza anunue. Lakini RAM na diski vimegandishwa ndani, na siku vikikupungukia hakuna fundi wa kukuongezea. Mimi nazungumza na mwenye akiba ya mwaka mmoja, anayetaka mashine atakayoitengeneza kipande kwa kipande.

Na mashine ikishakuwa ya kimya, bado iweke chini ya meza, mbali na maikrofoni. Kama maikrofoni yako ni ya kadioidi, igeuzie mashine mgongo wa maikrofoni, maana huko nyuma ndiko isikosikia vizuri. Hilo halina bei.

Mwisho wa kisa

Tuliuza ile kadi kwa hasara. Tukatafuta 12400 isiyo na F, tukaweka kipoza cha mnara, tukatoa feni zote sita na kurudisha mbili za milimita 140. Tofauti niliilipa mimi, kwa sababu deni lilikuwa langu. Sasa nikikaa chumbani kwake usiku nasikia saa ya ukutani kabla ya kusikia mashine. Ameniita kaka tena. Lakini yule mwalimu wa kwaya hajarudi, na habari za fundi aliyeharibu wimbo husafiri haraka kuliko za fundi aliyetengeneza.

Kwa hiyo, wenzangu wa kompyuta, mtu wa muziki akikwambia "nichagulie", usianze na namba za prosesa. Muulize analala wapi na anarekodia wapi. Nanyi wauzaji, wekeni meza moja tu nyuma ya duka, mbali na redio, mteja awashe mashine asikilize kabla hajalipa. Atakayefanya hivyo kwanza nitampelekea wateja bure.

Na wewe unayeweka akiba sasa hivi: muuzaji akikuonyesha taa, mwambie azime redio kwanza.

Haya, kazi kwenu. Tuonane tena panapo majaliwa.