Pompe ya bei rahisi si adui yetu



Kamionete ya ushirika ikizimika njiani, hasara haimwangukii shofa peke yake. Msimu uliopita yetu ilizimika kati ya Komanda na Marabo, ikirudi Bunia na nyanya na kabichi za jamaa wengi. Shofa na wasaidizi wake walilala kwenye barabara ambayo hakuna anayependa kulala. Walipofika, nyanya nyingi zilikuwa zimekwisha kuharibika.

Fundi alisema: pompe ya esansi imekufa. Ndipo maneno yakaanza mkutanoni. Wengine walitaka ya orijine, hata kama itamaliza akiba yetu ya mbegu. Wengine wakasema: "Ile ya bei ndogo iko sokoni, tuchukue tu, gari itembee." Tukachukua ya bei ndogo. Haikumaliza miezi miwili. Waliokataa wakatucheka: "Si tuliwaambia? Cha rahisi ni ghali."

Sisi tunaona msemo huo ni nusu ya ukweli. Fundi wa pili aliposhusha tangi, alikuta chini matope, kutu na maji. Kichujio cha pompe kilikuwa kimeziba kabisa. Katika gari kama yetu, pompe inakaa ndani ya tangi, na esansi yenyewe ndiyo inaipoza na kuilainisha. Kichujio kikiziba, pompe inavuta kwa shida, inapata moto, inakufa. Hata ya orijine ingekufia mule. Tulibishana sana juu ya bei, lakini hakuna aliyeuliza pompe ya kwanza iliuawa na nini.

Tukaosha tangi, tukabadilisha kichujio na filtri, tukaweka tena pompe ya bei ndogo. Mpaka leo inatembea. Hatusemi itadumu kama orijine. Kama pesa iko, orijine ni bora. Lakini kumaliza pesa ya mbegu kwa ajili ya pompe, halafu kuitupa ndani ya matope, hiyo si akili.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: mkutano usikate shauri juu ya bei ya pompe tu, ukate shauri juu ya kazi nzima.

Kwanza, tupime kabla ya kuhukumu. Fizibu, rele na nyaya zikaguliwe. Kwenye gari nyingi, ukifungua kontakti unasikia pompe inavuma sekunde chache. Ikinyamaza, pengine ni umeme tu haufiki.

Pili, tujue nguvu yake. Pompe ya injini ya kaburata inasukuma chini ya bari 1; injini nyingi za injeksio zinahitaji karibu bari 3. Mkononi zinaweza kufanana, lakini moja haiwezi kazi ya nyingine. Twende sokoni na ile ya zamani na namba yake.

Tatu, tangi ioshwe na kichujio kiwe kipya. Waya wa betri ufunguliwe kwanza, na pasiwe sigara wala moto karibu. Esansi haina msamaha.

Nne, esansi ya kadafi, ile ya chupa na bido kando ya njia, ichujwe kwa kitambaa safi, na maji yaachwe yatulie chini. Tangi isishuke chini ya robo. Shofa akipewa pesa ya lita tano tano kila siku, tusimlaumu pompe ikiungua.

Jambo la mwisho ni faktire. Sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika, ya mwaka 2010, inatutaka tuwe na watu wa kuongoza na watu wa kuangalia kazi ya viongozi. Hao wa kuangalia waone faktire ya pompe, ya filtri na ya fundi, na tarehe ya kila kimoja iandikwe kwenye daftari ya gari. Bila daftari, kila pompe inayokufa inazaa maneno ya wizi, na maneno hayo yanavunja ushirika haraka kuliko gari mbovu.

Mama anayepakia nyanya zake alfajiri haulizi pompe imetoka Japani au Dubai. Anauliza kama atafika sokoni. Shauri letu lianzie kwake.