Serikali Husoma Mashairi, Haihesabu Milango

Kila mwaka, katika semina ninayofundisha kuhusu dola na raia, huwapa wanafunzi kazi ndogo isiyo na alama. Waandike ukurasa mmoja kuhusu onyesho la muziki lililowafurahisha kuliko yote waliyowahi kuhudhuria, na ukurasa mwingine kuhusu lililowachukiza. Nafanya hivyo kwa sababu mwanafunzi akiulizwa moja kwa moja juu ya uhusiano wake na serikali, hunukuu vitabu. Akiulizwa juu ya muziki, husema kweli.

Kurasa za furaha hazifanani. Mmoja anaandika juu ya kwaya ya kijijini kwao, mwingine juu ya Bongo Fleva, mwingine juu ya ngoma ya harusi iliyokesha hadi alfajiri. Kurasa za karaha, kinyume chake, zingeweza kuandikwa na mkono mmoja. Tiketi ilisema saa mbili usiku, msanii akapanda jukwaani saa nane. Watu elfu kadhaa waliingia kwa mlango mmoja. Eneo lote la mbele lilizungushiwa uzio kwa ajili ya wageni mashuhuri ambao nusu yao hawakufika. Maji yaliuzwa mara tatu ya bei yake. Mabaunsa walisukuma. Hakuna aliyeomba radhi. Ni nadra sana kukuta lalamiko kwamba msanii aliimba vibaya. Wanacholalamikia ni namna walivyotendewa.

Nami ninazo kurasa zangu mbili, na nitazieleza kabla ya kusema ninalotaka kusema.

Onyesho bora nililowahi kuhudhuria halikuwa na jukwaa la maana. Lilikuwa ni usiku wa Jumamosi katika baa ya wazi jijini Dar es Salaam, na waliopiga ni DDC Mlimani Park, wale ambao wapenzi wao huwaita Sikinde. Bendi hii ilianzishwa mwaka 1978, na hata jina lake ilirithi kutoka kwenye baa ilimoanzia. Palikuwa na viti vya plastiki, moshi wa nyama choma, magitaa yakiitikiana, na safu ya tarumbeta na saksafoni nyuma yake. Mzee mmoja aliinuka, akapeleka kikaratasi jukwaani kuomba wimbo. Mwimbaji akakisoma, akamnong'oneza mpiga gitaa, wimbo ukapigwa. Sebene ilipoanza, hata wapishi waliacha majiko yao. Wakati wa mapumziko mpiga tarumbeta alikuja kukaa meza ya jirani na yetu. Mtu akamwambia kwamba wimbo fulani wameuharakisha mno siku hizi, naye akajibu hoja hiyo kwa utulivu, kama mtu anayejua kwamba anadaiwa jibu.

Jambo hilo la kudaiwa jibu ndilo hasa ninalolitafuta katika onyesho. Watu wa taarabu wamelijua kwa muda mrefu kuliko sisi wa vyuo vikuu. Kule Unguja, ambako Nadi Ikhwan Safaa wamekuwepo tangu mwaka 1905, na huku Bara pia, msikilizaji wa taarabu hakai kimya kama mahudhurio ya mkutano wa hadhara. Bibi husimama katikati ya ubeti unaomgusa, akatembea taratibu hadi kwa mwimbaji, akamtunza, na kwa kutunza huko akatangaza mbele ya ukumbi mzima kwamba maneno yale ni yake, na kwamba aliyelengwa yumo humo humo ndani. Noti ile ni hoja. Mwimbaji ameimba, msikilizaji amefasiri, na mlengwa anaweza kusimama ubeti unaofuata akajibu kwa noti yake. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapa hata anayetunza hucheza.

Niliwahi kumwona Bi Kidude akipanda peku katika Ngome Kongwe, kwenye tamasha la Sauti za Busara, na ngoma yake mbele yake. Tamasha hilo limefanyika Unguja tangu mwaka 2004, na sharti lake kubwa ni kwamba anayepanda apige muziki kwa mikono na mdomo wake, si kwa sauti aliyoirekodi studio. Sharti hilo linagharimu. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Nalitaja kwa sababu tumezoea kusema kwamba sanaa "inajiendesha yenyewe", na wanaosema hivyo kwa kawaida hawajawahi kulipa posho ya mpiga zeze. Mzee Muhidin Gurumo, aliyeimba NUTA Jazz na kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, alipostaafu mwaka 2013 alipewa gari na Diamond Platnumz kama zawadi. Wengi tulimsifu kijana kwa ukarimu wake, na alistahili sifa. Lakini NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na mtu aliyetumikia muziki wa nchi kwa takriban nusu karne hakupaswa kungoja ukarimu wa kijana.

Sasa ukurasa wa pili. Onyesho baya kuliko yote niliyohudhuria lilifanyika katika uwanja mmoja wa mpira, na sitataja uwanja wala mwandaaji, maana mtindo huo si wa mmoja. Msanii alikuwa ni kijana mwenye kipaji kikubwa. Alifika saa tisa kasoro usiku, akaimba kwa dakika zisizozidi arobaini juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, kiasi kwamba alipoelekeza kipaza sauti kwa mashabiki, sauti yake iliendelea kuimba bila yeye. Watu walicheka, hilo lilivumilika. Kisichovumilika ni tulipotoka. Katika milango minne ya uwanja, mitatu ilikuwa imefungwa kwa makufuli ili watu wasiingie bure, na mwenye funguo alikuwa ameshaondoka. Maelfu tukasukumana kwenye mlango mmoja uliofunguliwa nusu. Msichana mbele yangu aliinua mikono juu ya kichwa apate nafasi ya kupumua. Nilitoka bila kiatu kimoja. Kesho yake mitandaoni mjadala mzima ulikuwa ni mavazi ya wanenguaji, na afisa mmoja wa serikali akatoa tamko kali kuhusu mavazi hayo.

Tamko hilo lina ukoo mrefu. Redio ya taifa ilikataa kupiga "Mambo kwa Soksi" ya Remmy Ongala, wimbo uliohimiza kinga wakati Ukimwi ukiteketeza watu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya "Wapo", na Baraza la Sanaa likaufungia wimbo, kabla ya amri kutoka kwa Rais kumwachia huru na kuruhusu wimbo upigwe. Mwishoni mwa mwaka 2018 "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond ilifungiwa. Wasanii hao walipouimba jukwaani huko huko Mwanza, walizuiwa kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi, hadi zuio lilipoondolewa Januari 2019. Msomaji anaweza kukubaliana na uamuzi mmoja na kuukataa mwingine. Mimi naangalia kitu kingine: jinsi vyombo vyetu vinavyoweza kuwa vyepesi, makini na vikali pale vinapotaka. Katika miaka yote ambayo nimefuatilia mambo haya, habari za wimbo kufungiwa zimenifikia mara nyingi. Habari za onyesho kusimamishwa kwa sababu milango haitoshi hazijanifikia hata mara moja.

Na bado sisi si watu tusiojua gharama yake. Siku ya Idd el Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora katika disko toto, ndani ya ukumbi uliojazwa kupita kiasi. Hawakuuawa na maneno ya wimbo. Tulichojifunza kutokana na msiba ule ni kupiga marufuku: kila sikukuu inapokaribia, polisi katika mikoa hutangaza kwamba disko toto ni marufuku, na wazazi tunaitikia. Marufuku ni rahisi kwa sababu haihitaji mtu wa kwenda kuhesabu. Mtoto wa mwaka ule leo angekuwa mtu mzima anayekata tiketi za maonyesho ya watu wazima, katika kumbi ambazo nazo hazihesabiwi.

Majirani zetu wameonja hivyo hivyo. Oktoba 2022, watu 11 walikufa Kinshasa katika onyesho la Fally Ipupa kwenye Stade des Martyrs. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, watu wasiopungua 9 walikufa Kampala katika mkanyagano pale umati ulipokimbilia nje kutazama fataki. Na hapa kwetu, Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha katika Uwanja wa Uhuru wakienda kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Halikuwa onyesho, lakini umati ni umati na mlango ni mlango.

Wanafunzi hunijibu kwamba Waafrika tunapenda fujo, kwamba onyesho lenye utaratibu halina ladha. Kwa hoja hiyo huwapeleka Zimbabwe. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, Bob Marley alipiga katika uwanja wa Rufaro, katika mji ambao wakati huo uliitwa Salisbury na leo ni Harare. Vifaa vya muziki alivisafirisha kwa fedha yake mwenyewe. Bendera ya Uingereza ilikuwa inashushwa, na jukwaani pa wageni walikuwepo Prince Charles na Indira Gandhi. Nje ya uwanja walikuwepo wananchi wengi ambao uhuru ulikuwa wao lakini nafasi haikuwa yao. Waliposikia muziki walisukuma malango, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na moshi ukaingia hadi jukwaani, wanamuziki wakalazimika kushuka. Usiku uliofuata Marley alirudi uwanja ule ule akapiga bure, malango wazi, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Mwanamuziki ni yule yule, uwanja ni ule ule, nyimbo ni zile zile. Kilichobadilika baina ya usiku mmoja na mwingine ni uamuzi kuhusu nani aingie na kwa njia gani. Kama ladha ingekuwa inatokana na fujo, usiku wa kwanza ungekuwa mtamu zaidi.

Waandaaji nao wana jibu lao. Mmoja aliniambia kwamba akianza saa mbili kama tiketi inavyosema, atampigia nani, na uwanja bado mtupu? Nilimwuliza kama mechi ya Simba na Yanga husubiri uwanja ujae. Watu wale wale, katika jiji lile lile lenye foleni ile ile, huwa wamekaa vitini saa kadhaa kabla ya filimbi, kwa sababu wanajua filimbi haisubiri mtu. Raia hajifunzi kuchelewa tumboni mwa mama yake. Anafundishwa na kila ofisi inayomwambia aje saa mbili ikafunguliwa saa nne, na onyesho la muziki ni ofisi mojawapo tu, tofauti ni kwamba hii analipia kiingilio.

Mwaka wa uchaguzi mambo huwa mabaya zaidi, maana mwandaaji na mtoa kibali huwa wamevaa sare moja. Tamasha la kampeni halina tiketi, kwa hiyo halina hata idadi. Malori hushusha watu mpaka picha ya kutoka angani ipendeze. Vyama vyote vyenye fedha za kutosha hufanya hivi. Anayehudhuria hapo hawezi kudai hata fedha yake irudishwe, kwa kuwa hakulipa, na hawezi kumjibu anayeimba, kwa kuwa hakuitwa ajibu.

Sasa nawageukia wasomaji wangu walio katika ofisi za halmashauri, maafisa utamaduni na wakuu wa polisi wa wilaya, ambao najua mnasoma hata kama hamtoi maoni. Fomu ya kibali inaweza kuuliza mambo machache yanayopimika. Eneo linachukua watu wangapi, na tiketi ngapi zimechapishwa? Milango ya kutokea ni mingapi, na ni nani, kwa jina na namba ya simu, atashika funguo hadi mwisho? Maji ya kunywa yatapatikana wapi bila malipo? Onyesho likichelewa saa mbili, mwenye tiketi arudishiwe nini? Bango liseme kama kuna bendi au kuna sauti iliyorekodiwa, ili mnunuzi ajue anachonunua. Wanaharakati nao, ambao huamka haraka wimbo unapofungiwa, na mimi huamka pamoja nao, wadai idadi hizo ziwekwe hadharani mlangoni siku ya onyesho.

Sehemu kubwa ya haya haisubiri sheria mpya kutoka Dodoma. Wilaya yoyote inaweza kuanza kabla ya Idd ijayo, kwa kumtuma mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamuru kufuli lifunguliwe, na akabaki pale mpaka mtu wa mwisho atoke.