Kamba Hufungwa Kabla Ngamia Hajakimbia



Ndugu yangu, baada ya Isha alinifuata kijana mmoja, simu mkononi. Akanisikilizisha sauti aliyomtumia mkewe: talaka, talaka, talaka. Sekunde chache tu. Kisha akasema, "Sheikh, sikufikiri. Nilikuwa na hasira." Nikamwambia, mwanangu, miaka yote niliyokaa hapa msikitini sijamwona aliyeacha mke huku anacheka.

Hili la "sikufikiri" tulitazame vizuri.

Mwenyezi Mungu ametuumba na silika. Mtoto mchanga hunyonya bila kufundishwa. Mkono ukigusa sufuria ya moto hurudi kabla hujajua umeungua. Hasira nayo imo humo humo, na Imamu Ghazali katika Ihya ameeleza kuwa asiye na hasira kabisa ana upungufu, maana hataitetea hata heshima ya nyumba yake. Kwa hiyo wanaosema Muislamu mwema hakasiriki, wanakosea. Mtume (s.a.w.) alikasirika, na ikaonekana usoni pake.

Sasa, neno akili tumelipata katika Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na 'iqaal, ile kamba ya kumfunga ngamia goti. Ngamia hachinjwi kwa sababu ana nguvu. Hizo nguvu ndizo zinazotusafirisha. Hufungwa. Lakini hufungwa lini? Akiwa ametulia! Sisi tunaitafuta kamba ngamia keshafika mbali.

Ndiyo maana dawa tuliyofundishwa na Mtume (s.a.w.) haikuwa kupima hoja katikati ya hasira. Aliyesimama akae, isipoondoka alale. Na anyamaze. Ni mambo ya mwili, kwa sababu saa ile mwili ndio unaoongoza.

Najua wapo watakaoniandikia, "Sheikh, talaka ya hasira haipiti." Taratibu. Ibnul Qayyim aliandika kitabu kizima juu ya talaka ya aliyekasirika, akagawa hasira mafungu matatu: anayejua asemalo, huyo talaka yake inapita, aliyepotewa na akili kabisa, haipiti, na wa katikati, ambaye wanazuoni wametofautiana juu yake. Wengi mnajiweka fungu la pili kwa raha zenu. Kijana wangu alifungua simu, akalitafuta jina la mkewe katikati ya majina chungu nzima, akabonyeza, akatuma. Kidole kile hakikujua kinakwenda wapi? Nimempeleka kwa Kadhi, hukumu si yangu. Mkewe yuko kwao na mtoto wa miezi saba.

Ulipojifunza udhu ulikuwa ukihesabu kila kiungo. Leo mikono inakwenda yenyewe. Kunyamaza nako hujifunzwa hivyo hivyo, siku ambazo hamjagombana. Kaa na mkeo leo, mmecheka, mmekula, mkubaliane: sauti zikipanda, simu inawekwa juu ya kabati na mmoja anatoka uani.

Mimi mwenyewe nilipoanza kusomesha madrasa nilikuwa na mkono mwepesi, Allah anisamehe. Maalimu wangu akaniamuru fimbo ikae nje ya mlango. Basi. Mara nyingi nilifika mlangoni, nikasimama, nikarudi mikono mitupu, na watoto wakinitazama.

Wallaahu a'lam.