BWANA SHAMBA ANASEMA: Hesabu Mabomba Kabla ya Kufukia



Vijiji vingi vinajenga madarasa na zahanati. Kuhesabu matofali tunajua, maana ukuta unaonekana. Lakini bomba la maji hulala chini ya ardhi. Waya wa umeme hupita ndani ya ukuta. Vikishafukiwa, nani atavihesabu?

Kazi hiyo ina mtaalamu wake. Anaitwa mkadiriaji majenzi. Wako wanaoshughulika zaidi na maji, umeme na maji machafu ya jengo.

Mtaalamu huyu husoma ramani. Hupima urefu wa mabomba na waya. Huhesabu koki, sinki, taa, swichi na soketi. Kisha huandika orodha: kitu gani, kiasi gani, bei gani. Kazi ikiendelea, huja kupima. Fundi hulipwa kwa kazi iliyopimwa, si kwa maneno.

Tanzania, kazi hii hufundishwa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Wataalamu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Mtaalamu hakai kijijini kila siku. Kamati ya ujenzi ipo. Tufanye hesabu pamoja.

Mtaro una urefu wa mita 240. Bomba moja lina mita 6. Gawanya 240 kwa 6. Utapata mabomba 40. Ongeza 2 kwa kukata na kuunga. Jumla ni mabomba 42.

Hati ya malipo ikisema mabomba 52, ulizeni habari za yale 10. Huenda sababu ipo. Labda mtaro ulizunguka mwamba. Basi sababu iandikwe, mtaro upimwe tena, ndipo pesa itoke. Kama sababu haipo, msilipe. Pesa ya mabomba 10 ni ya koki na sinki za chumba cha kujifungulia. Ikipotea, mama zetu watajifungua kwa maji ya ndoo.

Kamati, fanyeni hivi:

1. Ombeni halmashauri nakala ya orodha ya vifaa.
2. Pimeni mtaro kwa futi kamba ungali wazi.
3. Bomba lijazwe maji na kukaguliwa kabla ya kufukiwa.
4. Andikeni vipimo. Fundi na kamati watie sahihi.

Fundi mwaminifu hachukii kupimiwa. Vipimo humsaidia kudai haki yake. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.