Walimutupa, ao walimuzika?



Mama mumoja alikuja kuniona nyuma ya ibada. Bwana yake alikufa na kolera kambini, wakati ule wagonjwa walikuwa wengi. Watu wa kuzika walikuja na mavazi yao ya plastiki, wakamufunga ndani ya mufuko, wakamupeleka giza ikiisha kuingia. Hakuna aliyelala kilio. Walimuweka katika shimo moja na wengine kumi na mumoja. Mama aliniambia: "Pasta, banamutupaka sawa buchafu. Hata kichwa yake sijue banaiweka wapi." Kisha akauliza: "Siku ya ufufuko, atatambulika namna gani katikati ya mifupa ya bengine?"

Ile ya pili nilijibu mbio. Tulifungua Ezekieli 37, habari ya bonde la mifupa, tukasoma pamoja. Lakini neno lake la kwanza lilinifuata mpaka nyumbani. Je, kuzika watu wengi shimo moja ni kutupa siku zote? Nikaanza kutafuta katika vitabu habari ya tauni, ile Wafaransa wanaita "peste", maana kuna magonjwa machache sana yaliyojaza mashimo ya namna hii kama ile.

Nianze na Marseille, muji wa bandari wa Ufaransa. Tarehe 25 Mei 1720 merikebu Grand-Saint-Antoine ilifika kutoka inchi za Mashariki, imejaa vitambaa na pamba. Katika safari watu walikuwa wamekwisha kufa ndani yake. Ilifaa mali ile ikae mbali na watu siku nyingi. Lakini wakubwa walitaka iuzwe upesi katika soko kubwa la Beaucaire, na mumoja wao, mukubwa wa muji, alikuwa na sehemu yake mwenyewe katika mali ile. (Ninyi wa kwenye mine, hadisi ya namna hii haiwashangazi.) Vitambaa vikatoka. Kabla ya ugonjwa kwisha, watu karibu 40 000 walikufa katika muji uliokuwa na watu karibu 90 000.

Sasa fikiri: nani atazika? Wachimba kaburi walikufa wa kwanza. Watu waliacha wafu wao mulangoni, njiani, mbele ya makanisa. Pahali panapoitwa la Tourette, juu ya bahari, maiti karibu elfu moja zililala juani majuma matatu. Mwezi wa Septemba 1720 mutu mumoja, Chevalier Roze, alipewa askari na wafungwa, wale waliofungwa kuvuta makasia katika merikebu za mufalme. Aliwapa vitambaa vilivyolowekwa katika siki wafunge puani. Aliona kwamba ngome za zamani za pale ziko wazi ndani. Wakatoboa juu, wakasukuma maiti humo mbio mbio, wakamwanga chokaa kali, ile inayounguza mukono. Wengi wa wafungwa wale walikufa siku chache nyuma. Walikuwa wameahidiwa uhuru. Jina la Roze liko katika vitabu vyote vya habari hii, nalo ni haki yake, maana alishuka yeye mwenyewe kati ya maiti. Majina ya wafungwa hayako.

Je, kule la Tourette ni kuzika? Siwezi kusema uongo: ni kutupa. Lakini sitawahukumu. Waliotupa si wale wenye mikono katika maiti siku ile. Waliotupa ni wale waliofungulia mali mulango.

Ugonjwa ulirudi Marseille mwaka 1722, wakachimba shimo lingine, karibu na nyumba ya zamani ya watawa wa Observance. Mwaka 1994 wataalamu wa vitu vya kale walilifungua, wakakuta mifupa ya watu karibu 200. Na hapo kuna jambo lililonishika. Katika mufupa wa kidole cha muguu cha maiti moja walikuta pini ya bronzi, ni kusema shaba yetu iliyochanganywa na bati. Mutu alikuwa amemuchoma pini ile ili kuhakikisha kama amekufa kweli. Kabla ya kumushusha chini, katika haraka yote ile, kuna mutu aliyeinama juu ya muguu wa mugonjwa na kuuliza: wewe ungali hai?

Twende nyuma zaidi, maana kuna shimo la zamani kuliko hilo linalotufundisha mengi. Miaka ya 1348 na 1349 tauni iliingia London, Uingereza. Makaburi ya makanisa yakajaa, wakanunua shamba mupya pahali panapoitwa East Smithfield, karibu na ngome ya mufalme. Kati ya 1986 na 1988 wataalamu walichimba pale, wakatoa mifupa ya watu zaidi ya 600. Walikuta mifereji mirefu, na humo wafu wamepangwa mumoja juu ya mwingine, pengine mpaka watano. Ukisikia hivi unafikiri ni fujo. Hapana! Wamelazwa mustari kwa mustari, kichwa upande wa magaribi, miguu upande jua linapotokea, sawasawa na desturi ya Wakristo wa wakati ule. Wengine wako na sanduku. Na pahali miili ya wakubwa iliacha nafasi ndogo, humo waliweka watoto.

Ninasoma hilo mara ya pili, mara ya tatu. Mutu aliyeshuka katika mufereji ule hakujua kama yeye mwenyewe atafika siku ya Mungu. Alikuwa na maiti nyingine zinazongoja juu ya gari. Hata hivi alimugeuza kila mumoja kichwa upande wa haki.

Hawakujua ugonjwa unatoka wapi. Walisema ni hewa mbaya. Mikrobi yake ilionekana mwaka 1894 tu, huko Hong Kong, na daktari Alexandre Yersin. Viroboto vya panya ndivyo vinaileta kwa mutu, na ikiingia mapafuni inapita kwa kikohozi. Mwaka 2011 wataalamu waliisoma tena, yote nzima, ndani ya meno ya wafu wa East Smithfield. Na musifikiri ni habari ya Wazungu wa zamani. Ndugu zetu wa Ituri wanaijua. Mwaka 2005 ilishika wachimbaji wa almasi kule Zobia, ile ya mapafu. Zaidi ya watu 50 walikufa, maelfu wakakimbilia pori. Leo kuna dawa, lakini mutu akingoja siku mbili tatu ni kuchelewa.

Nilimurudilia mama yule na habari hizi. Sikumuficha kwamba wale wa plastiki walikuwa na haki kumukataza kuosha maiti: maiti ya kolera inaua, na tumezika watu waliochukua ugonjwa ku kilio kwa kula na mikono. Kosa lao ni lingine. Hawakumuambia kitu. Walifunga mufuko, wakaenda. Neno moja tu kwa mujane, lingewachukulia dakika ngapi?

Alisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Nilipofika kwa habari ya watoto katika nafasi ndogo, alifunga macho. Kisha akasema: "Basi, kuko mutu mwenye kujua. Yule mwenye kumushusha anajua."

Tulimutafuta. Ni muzee sasa, anauza makala karibu na reli. Mwanzoni alikuwa na woga, alifikiri tumekuja kumushitaki. Mama alimuamukia kama mukwe, akamuuliza kichwa kilikuwa upande gani. Muzee alinyamaza kidogo, akaanza kuhesabu na vidole. "Ku muembe," akasema. "Bote tulibalaza kichwa ku muembe. Bwana yako alikuwa mukubwa wa mwili, njo maana ninamukumbuka. Ni wa ine, kuanzia ku njia."

Siku ya posho mama alikwenda kule na watoto wake. Walihesabu kuanzia njia, mpaka ine.