Aliyetoka Akasahau

Hapa Kaptagat, karibu na Eldoret, baridi ya alfajiri hututetemesha sisi wana wa pwani. Ndiko wanariadha wanakokaa kambini, mbali na wake na watoto. Eliud Kipchoge, aliyekimbia masafa ya marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna mwaka 2019, ameishi hivyo miaka mingi: chumba cha kawaida, zamu ya usafi, saa ya kulala na saa ya kuamka. Upweke huo haumvunji mtu, kwani ameuchagua mwenyewe, na mwisho wa wiki hurudi kwa watu wake.

Mjini Eldoret mna gereza. Humo pia mna zamu ya usafi na saa ya kulala. Lakini mfungwa hakuchagua, na huenda mwezi ukaandama na mwingine ukaandama pasi na mtu kumuulizia. Hapo ndipo roho inapougua.

Shahidi wetu ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake, "Kenya: Twendapi?", akatoka 1972. Huko ndani, akiwa ametengwa, aliandika mashairi kwenye karatasi za msalani, na mwaka 1973 yakachapwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Nionavyo mimi, hakuandika kupitisha wakati tu. Shairi hutaka msikilizaji. Kila ubeti ulimpa mtu wa kusema naye penye kuta tupu.

Lakini si kila mfungwa ni malenga. Aliye wengi hutegemea mtu wa nje amkumbuke.

Kisa cha Nabii Yusuf twakijua. Gerezani aliwafasiria wenzake ndoto zao, akamwomba yule atakayeokoka amtaje mbele ya bwana wake. Mtu yule akatoka, akasahau, na Yusuf akabaki kifungoni miaka kadhaa. Tukikisoma, sote hujiweka upande wa Yusuf. Nachelea kwamba wengi wetu ni yule aliyesahau. Jamaa huona haya, jirani hunyamaza, na kwa aliyefungwa bara nauli huwa kisingizio.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 51, yasema mfungwa hubaki na haki zake, ila zile zisizowezekana kifungoni. Ni maneno mazuri. Lakini Katiba haimwandikii mtu barua, wala haimpelekei salamu za mamake. Hiyo ni kazi ya nduguye.